Godoro Lililolaliwa

Mtaani kwao watu walimwita Bwana Usingizi, wala hakuudhika. Kazi yake ilikuwa kushona magodoro ya sufi, na mtu anayeshinda kutwa ndani ya sufi hawezi kuwa na macho makavu kama ya karani wa benki. Sufi ilimwingia puani, ikamkaa kwenye kope, ikamtelezea shingoni, na kila ilipomgusa ilikuwa kama inambembeleza alale. Kwa hiyo alipiga miayo akisalimia, akapiga miayo akipatana bei, na siku moja alipiga miayo katikati ya mazishi ya jirani. Wafiwa walimsamehe, kwa kuwa marehemu mwenyewe alikuwa amelala maisha yake yote juu ya godoro alilomshonea.

Kibaraza alichofanyia kazi kilikuwa mbele ya duka lililofungwa zamani, na mwenye duka alikuwa amesahau kumfukuza. Hapo aliketi juu ya gunia, akachambua mbegu, akaipiga sufi kwa fimbo mbili nyembamba mpaka ikafumuka na kuanza kuelea. Jua la alasiri lilipoingia pale kibarazani, hewa yote ilijaa nyuzi nyeupe zilizopanda na kushuka bila haraka, na wapita njia waliondoka nazo vichwani pasipo kujua. Unaweza kukutana na askari mwenye sura ya kutisha huko sokoni, ana sufi kwenye nyusi, ukajua amepita kwa Bwana Usingizi. Yeye mwenyewe alipenda saa hiyo kuliko zote. Alisema huwa anasahau kama ameketi chini au anaelea nazo.

Mjomba wake aliyemfundisha kazi alimwachia desturi moja ambayo hakuwahi kuiruka. Godoro likishashonwa, fundi hulilalia kabla halijamfikia mwenyewe. Hulala chali, akafumba macho, akajiviringisha taratibu kutoka ukingo huu hadi ule, akitafuta kinundu au shimo kwa mgongo wake. Mkono haujui kitu, alisema mjomba, muulize mgongo. Basi kila godoro la sufi lililokuwa katika mji ule, la mwalimu, la mchinjaji, la bibi harusi, lilikuwa limemlaza Bwana Usingizi kwanza. Wenye magodoro walilijua hilo na hawakuona ubaya, maana alikuwa mtu msafi, na haikuchukua muda.

Halafu ikaja sponji. Pale njia panda lilifunguliwa duka kubwa lenye vioo, likajaa magodoro ya kiwandani yaliyofungwa kwa nailoni, mepesi, ya rangi za maua, na mtu aliweza kuondoka nalo leo akalipa kidogo kidogo. Mwenye duka alikuwa mwanamke mwenye akili ya biashara na sauti ya kuamrisha. Watu walimpachika jina la Madamu Sponji, wakilisema akiwa mbali. Mwaka haukwisha kabla Bwana Usingizi hajabaki na kazi ya kufumua mito ya wazee na kuishona upya. Hakumchukia yule mama. Ila kila lori la sponji lilipopita mbele ya kibaraza chake, lilipeperusha sufi yake yote mtaroni, na hapo alimtukana kimoyomoyo kama mtu mwingine yeyote.

Mkewe yeye alikuwa na kazi ngumu. Aligonga kokoto. Kila alfajiri alichukua nyundo yake akaenda kwenye machimbo ya mawe nje ya mji, akaketi chini ya kitambaa alichokitundika kwenye vijiti, akagonga mawe makubwa yawe madogo, na madogo yawe madogo zaidi, mpaka jua linaanguka. Malori yalizoa kokoto zile yakapanda nazo kilimani, ambako nyumba za ghorofa zilikuwa zinachipuka kila mwezi. Hakuna nyumba kule juu isiyokuwa na kokoto zake chini ya sakafu, na hakuna hata moja aliyowahi kukanyaga sebule yake. Pale machimboni, asiyefika mapema hukuta nafasi yake imekaliwa, kwa hiyo hakuwahi kuchelewa hata siku aliyoamka na homa.

Na mke huyu wa fundi magodoro alilala chini, juu ya mkeka uliotandikwa kwenye saruji. Nyonga ilimuuma. Alijigeuza kwa hatua, kwanza mkono, kisha goti, kisha kiuno, akiguna polepole ili asimwamshe mumewe, ambaye kwa kweli hata ngoma isingemwamsha. Wanawake wenzake machimboni walimtania. "Mumeo anashona magodoro, wewe unalalia sakafu?"

"Na wako ni mwashi," alimjibu yule aliyeuliza, "mbona mnapanga chumba?"

Lakini godoro lake lilikuwa njiani. Katika kazi ya sufi, kile kikonzi cha sufi, cha kujaa mkono mmoja, kinachobaki baada ya godoro kujaa ni haki ya fundi; mwenye mali hakiulizi. Bwana Usingizi alikileta nyumbani kila mara, mfukoni au ndani ya kofia, na siku za mapumziko mkewe aliketi mlangoni akakichambua upya. Vidole vyake vilivyochubuliwa na mawe vilikuwa na subira ya ajabu. Alitoa kila mbegu, kila kijiti, kila uchafu uliomponyoka mumewe, mpaka sufi ile ikawa kama moshi. Aliitia kwenye gunia lililoning'inia kwenye boriti ya paa, mbali na panya. Miaka ilipita, gunia likavimba. Jioni walikuwa wakilala chali mkekani wakilitazama juu yao, kubwa, jeupe, likizunguka kidogo upepo ulipopita chini ya bati, na walizungumza mpaka sauti zao zikafifia.

"Likifika shingoni tunashona," alisema mke.

"Karibu linafika."

"Nitalala mpaka jua linichome. Atakayeniamsha tutaonana wabaya."

Siku moja dereva wa Madamu Sponji alisimamisha lori mbele ya kibaraza, na safari hii hakupeperusha kitu. Alimwambia apande. Bwana Usingizi alidhani amekosa jambo. Alipelekwa kilimani, akaingizwa kwa mlango wa nyuma hadi uani, kwenye ukuta mrefu na sakafu iliyong'aa, na pale akamkuta Madamu mwenyewe amesimama, na kwenye kiti pembeni yake bibi mmoja mdogo wa umbo, mama yake mzazi, mwenye macho mekundu.

"Mama halali," alisema Madamu. "Nimempa godoro la kwanza kwa ubora dukani kwangu. Nikampa la pili. Halali."

"Linanisukuma," alisema yule bibi. "Nikilala linanirudisha juu, kama mtu asiyetaka wageni. Mimi nimezaliwa kwenye sufi, fundi. Nataka kuzama."

Bwana Usingizi aliuma ulimi asicheke. Madamu alimwona, akakunja uso. "Kazi ifanyike hapa hapa uani, na kesho iwe imekwisha. Sitaki mtu alione godoro la sufi likiingia kwangu. Nitachekwa mji mzima. Nitakulipa vizuri. Ukishindwa sema mapema, sponji ninazo."

Malipo aliyotaja yangemnyamazisha mwenye chumba chao, aliyewadai kodi na ambaye siku hizi alikuwa akibisha hodi hata pasipo na mlango wa kubishia. Fundi akakubali. Sufi ilikuwa imeshanunuliwa, magunia yamepangwa, kitambaa kizito cha mistari ya buluu kipo tayari. Alianza kuchambua akiimba puani. Kadiri alivyochambua ndivyo wimbo ulivyopungua. Aliyemuuzia Madamu alikuwa amemuuzia mbegu na makapi, na sufi kidogo ya kufunikia. Alipomaliza kuipiga, kile kilichokuwa mlima kilibaki kichuguu.

Hapo ndipo alipokosea. Mtu mwingine angekwenda dukani kwa Madamu akasema, mama, umeuziwa takataka, ongeza. Lakini alilisikia tena lile neno, ukishindwa sema, akaona jinsi yule mama angetabasamu. Na alimwona bibi akijikuna macho yake mekundu kwenye kiti. Na godoro jembamba hakuwahi kulitoa mikononi mwake tangu ujana. Asubuhi ya pili, mkewe alipokwisha kwenda machimboni, alipanda juu ya ndoo akalifungua gunia kwenye boriti. Lilikuwa jepesi hata akasikia uchungu. Alijiambia kwamba kwa malipo yale atanunua sufi ya kujaza magunia mawili, kwamba mkewe hatajua kitu, kwamba ni mkopo wa siku chache tu. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno. Alilibeba begani akapanda nalo kilimani.

Bibi aliketi karibu naye alipokuwa akijaza. Alitia mkono kwenye lile gunia, akautoa umejaa weupe, akaunusa.

"Hii nani kaichambua?"

"Mke wangu, bibi."

"Anafanya kazi gani?"

"Anagonga kokoto."

Bibi aliutazama ule mkono uliojaa weupe. "Mwambie ana mikono mizuri," alisema, kisha akaitwa ndani kula.

Fundi alishona ukingo, akapitisha ile sindano ndefu katikati, akafunga vifundo. Godoro lilivimba likaujaza ua, nono, la mistari, na kwa kuwa safu ya juu yote ilikuwa ya lile gunia la nyumbani, lilikuwa godoro bora kuliko yote aliyopata kushona. Alilijua hilo na likamtia huzuni. Akanawa miguu, akanawa mikono, akalala chali ili aulize mgongo wake kama desturi.

Hakufika ukingo wa pili. Sufi ile ilimpokea taratibu, ikamfunika masikio, na ule mlio wa mji uliokuwa ukipanda kilimani ukayeyuka. Aliota yuko machimboni. Mawe yote yalikuwa meupe. Mkewe ameketi chini ya kitambaa chake, anainua nyundo, anaishusha, na kila ikishuka haitoi sauti, inazama tu, na kipande cha jiwe kinaachana na mwenzake na kuanza kuelea. Malori yalikuja kuzoa kokoto lakini hazikuzoleka. Zilipanda juu ya vichwa vya madereva, zikapita nyumba za kilimani, na zile nyumba nazo zikaanza kuinuka kidogo kidogo kutoka ardhini, na sakafu zao, na vioo vyao. Mkewe akacheka. Akamwambia kitu ambacho hakukisikia vizuri, na ndio kwanza alikuwa anamsogelea asikie.

"Wewe! Fundi! Hebu amka!"

Madamu Sponji alikuwa juu yake, funguo mkononi, na jua lilikuwa limehamia ukuta wa upande mwingine. Fundi aliinuka na sufi kwenye nywele, mate shavuni, akapata kigugumizi. Alijaribu kueleza habari ya mjomba na mgongo.

"Saa zote hizo unauliza mgongo? Umelikoromea! Mama yangu mimi alale kwenye jasho lako?"

"Mwache, mwanangu," bibi alisema kutoka mlangoni. "Nilimwona muda mrefu. Nimesema mwenyewe asiamshwe. Mtu akilala hivyo, godoro ni zuri."

"Mama, ingia ndani." Madamu hakuwa mtu mbaya kama alivyoonekana saa ile, alikuwa amekesha naye kila siku akimsikia mama yake akitembea sebuleni, na amechoka, na uchovu wake ulitafuta pa kutua. "Fundi, malipo yako ni hilo hilo. Libebe uondoke nalo, nisilione hapa."

Angeweza kutaja lile gunia. Angeweza kudai. Alikunja godoro, akalitwika, akashuka.

Mtu aliyebeba godoro kichwani haoni mbele, huona miguu yake tu. Alipita mji mzima akitazama vidole vyake na vumbi, watu wakimpigia kelele kwamba Bwana Usingizi leo anatembea na kitanda. Alipanga mambo huko chini ya godoro, kwenye kivuli chenye joto: atalificha kibarazani, kesho atalipeleka sokoni, atanunua sufi, atalijaza gunia kabla mkewe hajainua macho. Lakini mtu asiyeona mbele hupotea, na miguu ilikokuwa imezoea kwenda ndiko ilikompeleka. Alipoinua kichwa alikuwa mlangoni kwake, na mkewe ameketi kwenye kizingiti anamwagia maji miguu yake yenye vumbi la mawe.

Mke aliliangalia godoro. Kisha akageuka akaangalia ndani, kwenye boriti, akaona kamba tupu. Uso wake ukafunguka wote.

"Umeshona," alisema. "Umeshona bila kuniambia. Hee, mwanaume wewe!" Akasimama na miguu iliyolowa, akaigusa ile mistari ya buluu kwa kidole kimoja. "Na kitambaa hiki umekipata wapi?"

Hapo angeweza kunyamaza, na mambo yangekwisha vizuri kuliko alivyostahili. Lakini alikuwa mume wake wa miaka mingi na hakuweza kuubeba ule uso. Alilitua godoro, akaketi juu ya ndoo, akamweleza yote, kichuguu cha sufi, gunia, usingizi, Madamu.

"Kwa hiyo ulichukua sufi yangu," alisema mwishowe, "ukampelekea aliyekunyang'anya kazi."

"Nilikusudia kurudisha."

"Sikukuuliza ulichokusudia. Kama usingesinzia, leo ningekuta nini hapa?"

Alitazama chini. "Kamba."

"Basi nakishukuru hicho kisinzio chako. Wewe sikushukuru." Alilia kidogo kwa hasira, akijifuta kwa kiwiko. Halafu akalitandika godoro mwenyewe, akafunga kanga yake vizuri, akalala. "Kesho kaliuze kama unataka kuliuza. Saa hii usinisemeshe."

Bwana Usingizi alilala mkekani peke yake, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuupata usingizi hata wa kuazima.

Kulipokucha alisikia honi. Lori la sponji lilikuwa limesimama mlangoni, limepakiwa mpaka juu, na yule dereva amening'iniza kichwa dirishani. Fundi alitoka mbio akimwashiria anyamaze.

"Madamu kanituma," dereva alisema. "Bibi kakataa kuingia hata chumbani. Amekesha kwenye kiti, anasema anataka lile lile alilolalia yule mtu. Madamu amekubali. Atakulipa yote, na nyongeza. Lipakie nyuma nimpelekee."

Fundi alimwona yule bibi kwenye kiti chake, akamwonea huruma kweli. Akamwona mwenye chumba. Akaiona nyongeza. "Nisubiri," alisema, akarudi ndani kumwamsha mkewe.

Alikuwa amelala ubavu, mdomo wazi, mkono mmoja umezama kwenye sufi hadi kiwiko. Jua lilikuwa limeshaingia chini ya mlango, limefika kwenye shavu lake. Fundi alisimama. Miaka yote ya ndoa yao, yeye ndiye aliyeachwa amelala. Hakuwahi kumwona mkewe usingizini mchana kweupe. Ile mikunjo kati ya nyusi, aliyodhani ndivyo alivyoumbwa, haikuwepo. Ilikuwa sura ya msichana aliyemuoa, na alikuwa amesahau kabisa kwamba msichana yule alikuwa bado yupo. Aliunyosha mkono amguse bega, akaurudisha. Moyo ulimuuma kwa mapenzi na kwa aibu pamoja.

Akatoka nje. "Kamwambie bibi nitamshonea jingine," alisema kwa sauti ya chini. "Madamu alete sufi ya kweli, nami nitamwonyesha aliyemwibia. Hili lina mwenyewe."

"Mzee, Madamu amesema ukikataa, kwake usikanyage tena. Fikiria vizuri."

"Nimefikiria. Na hiyo honi usiipige."

"Nitaondokaje? Gari hili likiwashwa linaamsha mtaa wote."

Dereva alishuka akachungulia kupitia mlango uliokuwa wazi nusu, akaona godoro la mistari na mguu mmoja wenye ufa kisiginoni. Mama yake naye aliwahi kugonga kokoto. Aliingia garini, akafungua breki bila kuwasha injini, na fundi akaweka bega nyuma akasukuma. Lori likaanza kuteremka mtaa lenyewe, taratibu, kimya, na mlima wake wa sponji za maua ukiyumba juu, mpaka likapinda kona ya chini huko, ndipo likasikika likiwaka kwa mbali.

Jua lilikuwa limepanda. Machimboni wanawake walikuwa wameshaketi, na ile nafasi moja chini ya kitambaa ilikuwa inatazamwa na wengi. Bwana Usingizi aliichukua nyundo nyuma ya mlango, ikamshinda uzito mara ya kwanza, akaishika kwa mikono miwili. Akaurudishia mlango polepole, akashika njia ya machimboni.